Nyamongo: kumwacha mwekezaji au kubaki naye?

Muuza mahindi akishuku mizani ya mnunuzi, hufunga gunia lake akarudi nalo nyumbani. Shimo la dhahabu la Gokona, la mgodi wa North Mara pale Nyamongo wilayani Tarime, halibebeki hivyo. Likisimama, wanasimama mama lishe, madereva, wazabuni, na halmashauri inayosubiri ushuru wa huduma.

Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, kisha ya Profesa Nehemiah Osoro, zikasema nchi inapunjwa. Julai, kampuni ya Acacia iliyoendesha migodi ya North Mara, Bulyanhulu na Buzwagi ikadaiwa kodi, riba na adhabu, jumla kama dola bilioni 190. Ilikana tuhuma zote. Makinikia yenyewe hayakutoka North Mara, lakini imani ikishavunjika haichagui mgodi.

Nyamongo walikuwa na shauri lao, la maji. Mto Tigithe, uliolalamikiwa tangu 2009, huingia Mto Mara, na ng'ambo ya Mara ni Serengeti. Mei 2019 NEMC, baraza la mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu. Julai ikapiga marufuku bwawa hilo kutumika.

Wengi walitaka Acacia ifukuzwe, yaishe. Hasira hiyo naielewa. Lakini Serikali ilifanya jambo ambalo hata mwenye duka angelielewa: iliachana na msimamizi, ikamtafuta mwenye mali. Kampuni ya Barrick ilimiliki karibu asilimia 64 ya Acacia. Mwenyekiti wake, John Thornton, alikuwa amekwishafika Ikulu Juni 2017, na timu ya Profesa Palamagamba Kabudi ikajadiliana na Barrick, Acacia ikiwa nje ya mlango. Septemba 2019 Barrick ilinunua hisa zilizobaki. Jina la Acacia likafutika. Januari 2020 mkataba ukasainiwa: kampuni ya pamoja ya Twiga, Serikali ikiwa na asilimia 16, na dola milioni 300 za kumaliza mgogoro.

Kutoka bilioni 190 hadi milioni 300! Pengo hilo linaniuma hadi leo. Hata hivyo naona kubaki kulikuwa sahihi, kwa sababu aliyebaki hakuwa yuleyule wala masharti hayakuwa yaleyale.

Kinachonisumbua ni kiti kimoja. Anayechota maji Tigithe hakuitwa kwenye mazungumzo yale, na yeye hakuwahi kuulizwa kama anataka kubaki.