Mashine Inasoma, Fundi Anapima



Familia nyingi hapa zina kijana aliyekwenda Kampala kutafuta maisha, na wengi wao wako gereji, Katwe au Ndeeba. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi Uganda, na ufundi wa magari unalisha nyumba nyingi. Mwezi huu tulikwenda Katwe, tukakaa siku nzima na vijana wetu.

Tulimkuta baba mmoja, mkimbizi kama sisi, ambaye gari lake dogo la kukodi ndilo shamba lake. Injini ilikuwa inatetemeka na taa ya injini inawaka. Gereji ya kwanza alikopita walichomeka mashine ya kupima, wakasoma namba P0301, wakamwambia anunue koili zote nne mpya. Ada ya shule ya watoto ikaishia hapo. Gari likatetemeka vilevile.

Je, mashine ilidanganya? Hapana. P0301 inasema silinda ya kwanza haiwaki vizuri. Haisemi kwa nini. Sababu inaweza kuwa koili, plagi, nozeli, waya, hata injini yenyewe kuchoka. "Mzee, tusinunue kitu bado," kijana wetu alimwambia. "Tupime kwanza." Na alipima hivi:

1. Alianza na betri, kwa sababu betri dhaifu inaweza kuleta namba zisizo na maana. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma karibu volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiwaka, karibu 13.5 hadi 14.5.

2. Alichomeka mashine kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, akafungulia swichi bila kupiga stata. Namba zote akaziandika kwenye daftari. Ukifuta kabla ya kuandika, umefuta ushahidi.

3. Alitazama herufi. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasi, mambo kama breki, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari.

4. Aliuliza habari za koili. Njia ya bure ni kuhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, kufuta namba, kisha kuendesha. Ikija P0302, ubovu umehama na koili. Lakini hapa koili mpya zilishafungwa na P0301 iko palepale. Basi koili za zamani zilikuwa nzima. Jibu hilo baba yule alilinunua ghali.

5. Alihamisha plagi ya kwanza kwenda silinda ya tatu, akafuta, wakazunguka na gari. Ikaja P0303. Ubovu ni plagi moja tu!

Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ningeanzia kwako."

Kwa magari ya zamani mjue hili. Marekani ililazimisha mfumo huu kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kuanzia 2001 kwa magari ya petroli. Toyota nyingi za zamani kutoka Japani hazina. Zina kisanduku kidogo chini ya boneti: fundi anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungulia swichi, halafu anahesabu taa inavyopepesa.

Madereva nao wasikie. Taa ya injini ikipepesa ukiwa njiani, punguza mwendo na usimame mahali salama, maana petroli isiyoungua inaharibu kisafisha moshi, na bei yake si mchezo. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Usingoje mashine.

Wazazi, fundi akiwaambia mnunue kitu, mwulizeni maswali mawili: namba ni gani, na umepimaje? Fundi mzuri hatakasirika. Na ninyi vijana mnaojifunza, mashine hata jirani anaweza kununua. Mteja anarudi kwa yule anayepima kabla ya kumtoa pesa.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.