Safari ya Kwanza ya Chama: Jitayarishe Kabla ya Kupanda Basi

Mkulima wa skimu, chama chenu kimeweka akiba, mmekubaliana, na sasa mnataka kwenda kuona ukulima wa Uganda na Rwanda. Hilo ni jambo jema. Wazee walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini viko vitu vya kuokota na viko vitu vya kuacha. Mtu wa nchi ya baridi akishuka katika nchi ya joto bila matayarisho, aweza kurudi na homa mwilini na ugonjwa wa mimea mfukoni. Soma maneno haya, kisha uyasome tena mbele ya wenzako katika mkutano wa chama.

KARATASI NA SINDANO

Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho hicho. Mpango huo ulianza mwaka 2014. Kitazame chako leo. Kama kimevunjika au kimefutika maandishi, nenda ukapate kingine mapema, wala usingoje mpaka ufike Busia au Malaba.

Jambo la pili ni sindano ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kudungwa. Kwa hiyo mtu anayedungwa siku moja kabla ya safari amechelewa. Tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha; ukiwa nacho, kitunze vizuri. Mwenye mimba, mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na mwenye ugonjwa wa siku nyingi, na amwone daktari kwanza, kwa kuwa sindano hii haimfai kila mtu.

MALARIA HAINA URAFIKI NA MTU WA MLIMANI

Kinangop ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Kampala ni kama mita 1,200 tu, na Uganda ina malaria karibu kila mahali, mwaka mzima. Wewe uliyezoea baridi, damu yako haijazoea ugonjwa huo. Mwenyeji aweza kuumwa kidogo akapona. Wewe waweza kuzidiwa haraka.

Mwulize daktari dawa ya kuzuia malaria kabla ya kuondoka. Uimeze kama ulivyoagizwa, na usiiache siku ile unayofika nyumbani, kwa maana dawa hizi huendelea kumezwa kwa siku kadhaa au majuma baada ya safari. Chukua chandarua chenye dawa. Jioni vaa shati la mikono mirefu, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku.

Sasa shika neno hili kuliko yote. Malaria yaweza kujificha juma moja, au mawili, au zaidi, kabla ya kutokea. Ukirudi nyumbani ukashikwa na homa, kichwa na baridi, usiseme ni mafua ya Kinangop. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na useme, "Nilikuwa Uganda, naomba nipimwe damu." Usipotaja safari yako, huenda mganga asifikirie malaria hata kidogo, na kuchelewa kwa siku mbili kwaweza kuua. Mweleze mke wako au mume wako pia, ili akusemee kama wewe huwezi kusema.

VIATU NA MIFUKO

Utaona migomba mizuri huko Uganda, na mwenyeji mkarimu atataka kukupa chipukizi. Mshukuru, lakini usichukue. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda, na ukaenea sana. Huenda kwa machipukizi, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa, na kwa wadudu. Chipukizi laweza kuonekana zima na kumbe ugonjwa umo ndani. Vivyo hivyo mbegu za viazi na vijiti vya mihogo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza mimea bila kibali cha KEPHIS. Ukiona aina unayoipenda, andika jina lake, ukamwulize Afisa wa Kilimo.

Wala tusifikiri kwamba ugonjwa watoka kwa wengine tu. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa minyoo midogo sana inayoharibu mizizi ya viazi imepatikana Nyandarua. Mayai yake hukaa katika udongo miaka mingi. Basi osha viatu vyako kwa sabuni na brashi kabla ya kutoka nyumbani, usiwapelekee wakulima wa Rwanda matata. Vioshe tena kabla ya kurudi. Ugonjwa wa miguu na midomo pia waweza kusafiri juu ya matope ya viatu mpaka kwa ng'ombe wako.

MAMBO YA NJIANI

Mchague mweka hazina mmoja na kiongozi mmoja. Kiongozi awe na orodha ya majina, na simu ya mtu wa nyumbani kwa kila msafiri. Mwenye dawa za pressure au sukari achukue za siku zote za safari na akiba ya siku chache, azibebe mkononi, si juu ya basi.

Mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu mwaka 2008, chukua kikapu. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na magari hupita upande wa kulia, basi tazama vizuri kabla ya kuvuka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wote hufanya kazi ya pamoja asubuhi, iitwayo umuganda. Msipange kusafiri asubuhi hiyo.

Na nyumbani je? Mwonyeshe atakayebaki jinsi ya kukamua, kiasi cha chakula cha kila ng'ombe, na simu ya daktari wa mifugo. Afanye kazi hiyo siku tatu mbele yako kabla hujaondoka.

RUDI NA MAARIFA

Gawaneni kazi. Mmoja aulize habari za maziwa huko Mbarara. Mwingine atazame matuta ya milima ya Rwanda, apime upana wake kwa hatua. Mwingine aulize bei, na nani anayenunua. Kila mtu awe na daftari na kalamu. Mkirudi, iteni baraza, mkawaeleze majirani ambao hawakwenda.

Daftari lililojaa halina ushuru mpakani, wala halileti ugonjwa. Hilo ndilo la kuleta nyumbani. Safari njema.