Mercedes ya zamani: kuinunua ni neno moja, kuilisha ni lingine

Wandugu wafanyakazi, ba mama na ba papa wa ma cité, kila mara feza mingi inapoingia kwa mara moja, primi ya mwisho wa mwaka ao dekonti finali, tunaona baba anaanza kutafuta motokari. Si vibaya. Mutu mwenye ametumika miaka 20 mu mine ana haki ya kuketi vizuri kama wengine.

Lakini macho ya wengi yanaenda ku Mercedes kubwa za zamani: zile S 320 na S 500 zenye zilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005, ao zile E zenye zilitoka mu 2002. Ngozi mu viti, mbao ku tablo, motere yenye hausikie sauti yake. Na bei yake leo, mara mingi inakaribia ile ya Toyota ndogo. Njo pale mutego uko.

Siye wa sendika hatuko hapa kwa kufundisha mutu namna ya kula feza yake. Lakini barua za kuomba avansi ku mushahara zinapita mu mikono yetu, na tunaona zinaombwa kwa sababu gani. Basi tuseme wazi: motokari ikizeeka, bei yake inashuka, lakini bei ya piesi zake haishuki. Ile motokari ilitengenezwa kwa mutu wa mushahara wa dirigeur. Piesi zake zinaendelea kuuzwa kwa bei ya dirigeur, hata kama mwenye kuiendesha leo ni mutu wa foreuse.

Asubuhi unaikuta imelala

Ugonjwa wa kwanza wa zile S ni suspansio. Mbele na nyuma, Mercedes haikutia resori za chuma, ilitia mifuko ya mpira yenye kujaa hewa. Jina lake ni AIRMATIC. Ikiwa mupya, unapita mu mashimo sawa vile uko ku godoro. Lakini mpira unazeeka, unapasuka pole pole, na hewa inatoka. Usiku unaiacha imesimama vizuri, asubuhi kona moja imelala chini.

Wengi wanaendelea kutembea vile. Kompresere njo inateseka: inapiga hewa bila kupumzika, mpaka inaungua. Deni ya mufuko moja inakuwa deni ya mufuko na kompresere. Na ku barabara zetu za vumbi na mawe, ile mipira haina maisha marefu. Kuna wenye wanatoa yote na kutia resori za chuma. Inawezekana, lakini ni feza ingine tena, na inaomba mekanisie mwenye anajua kazi.

Freni yenye kuhesabu

Kwa zile E za 2002 mpaka 2006, uangalie freni. Zina sisteme ya umeme yenye kuitwa SBC. Ordinatere yake inahesabu kila mara unakanyaga freni. Hesabu ikifika ku mwisho, taa inawaka na pompe yote inaombwa kubadilishwa. Mercedes yenyewe iliacha ile sisteme mu 2006, ikarudilia freni za kawaida. Mwenye kutaka E, heri atafute ya nyuma ya 2006. Freni haiko neno la kucheza nalo, zaidi kama watoto wanaketi nyuma.

Mambo madogo yenye kuzaa makubwa

Bwati ya vitesi ya otomatiki ya zile miaka ni ngumu, lakini kuna mpira mudogo wa mviringo fasi nyuzi za umeme zinaingia. Ukizeeka, mafuta inapenya, inapanda mu nyuzi mpaka ku ordinatere ya bwati. Ule mpira ni piesi ya bei ya chini. Ordinatere si ya bei ya chini hata kidogo. Na wenye kukuambia kama mafuta ya bwati haibadilishwi maisha yote, usiwasikilize. Kila kilometri 60 000 ibadilishwe.

Motere V6 yake ina bugi mbili kwa kila silindri. Ni bugi 12, si 6. Ku V8 ni 16. Mafuta ya motere ni karibu litri 8 kila vidanje. Hakuna moja ya hizi yenye inaua mutu peke yake. Zikija pamoja mu mwezi wa minervali, njo zinaua.

Tuseme pia mazuri yake, maana hatutaki kudanganya. Ile motere ni ya nguvu, inatumia shene ya chuma, si kurua, na ikipata mafuta kwa wakati inafanya kilometri mingi sana. Kama inazimika ikiwa na moto na inawaka tena ikipoa, usikubali mutu akwambie motere imekufa. Mara mingi ni kaptere ndogo ya vilebreke. Ibadilishwe kwanza, mbele ya kufungua motere.

Tanki

Tufanye hesabu pamoja. S 320 mu mji inaweza kukunywa litri 16 kwa kilometri 100. Ukitembea kilometri 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilometri 1 040: karibu litri 166 za esansi. Toyota ndogo yenye kukunywa litri 8 itafanya ile safari na litri 83. Zidisha ile tofauti na bei ya pompe ya leo, kisha uweke ile feza pembeni ya mushahara wako. Na hapo hatujahesabu asiransi, vinyeti, ma pneu, wala safari ya Lubumbashi na Kolwezi, karibu kilometri 300 kwenda tu.

Mbele ya kutoa feza

Mwenye ameshakata shauri, asikie haya:

Ufike asubuhi sana, bila kutangaza, mbele mwenye kuuza awashe motere. Uangalie zile kona ine kama ziko sawa.

Ukifungua kontakti, taa za tablo (freni, airbag, motere) zinapashwa kuwaka, kisha kuzimika. Taa yenye haiwaki hata kidogo, jua mutu aliigusa.

Uendeshe dakika 30, mpaka motere ipate moto. Utie maryere mara mingi. Ikichelewa kushika ao ikipiga, bwati iko mugonjwa.

Ulipe mekanisie wa kwako, si wa muuzaji, apitishe skaneri. Aingie chini pia: motokari yenye ilitembea Ulaya ku barabara za chumvi ya baridi inaweza kuwa na kutu kwenye hauoni.

Na shauri letu la mwisho: kama inauzwa dola 5 000, usiinunue kama hauna dola 2 500 zingine za kuitengeneza mwaka wa kwanza. Ukiwa na 5 000 tu, ile motokari haiko ya bei yako.

Wazee wetu wa Gécamines wanajua feza ya mara moja. Mu 2003, opération départs volontaires ilitosha watu zaidi ya 10 000 ku kazi, kila mutu na bahasha yake. Bahasha ya namna ile haiji mara mbili. Parseli inabaki, masomo ya mutoto inabaki. Motokari yenye kusimama juu ya matofali mu lupango haimpe mama hata kiloba kimoja cha bunga.

Basi, baba, mbele ya kusaini avansi, uketi na mama, muandike ile hesabu ku karatasi. Na kama munataka mutu wa tatu aiangalie, delege wenu yuko, kuuliza hakulipiwi.