Mstari na Utupu: Falsafa ya Mashariki na Usasa wa Magharibi katika Michoro ya Nasreen Mohamedi

Nasreen Mohamedi (1937–1990) alizaliwa Karachi, akakulia Mumbai, kisha akasomea sanaa London na Paris. Kuanzia mwaka 1972 hadi kufa kwake alifundisha katika Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao, Baroda, nchini India. Kwa kuzingatia historia hiyo, ni rahisi kuifafanua sanaa yake kwa kujumlisha: mbinu imetoka Magharibi, falsafa imetoka Mashariki. Makala haya yanabainisha kwamba ufafanuzi huo hauthibitishwi na michoro yenyewe.

Michoro yake ya miaka ya 1970 ilichorwa kwa wino na penseli juu ya karatasi, kwa kutumia rula na vifaa vingine vya wasanifu majengo. Haina watu wala mandhari, na iliyo mingi haina anwani wala tarehe. Kwa mtazamo wa kwanza, hiyo ni jiometri ya usasa. Hata hivyo, mistari hiyo hukaribiana, hutengana na kufifia bila kufunga umbo lolote, hivyo karatasi tupu hubeba sehemu kubwa ya maana. Hapa utupu hauonekani kuwa upungufu; ndio unaoupa mstari nafasi ya kuwapo, wazo linaloafikiana na mafunzo ya Zen.

Ulinganisho na Agnes Martin, msanii wa Marekani aliyezaliwa Kanada mwaka 1912, unalifafanua zaidi suala hili. Martin naye alivutiwa na Zen na Utao, lakini mistari ya gridi zake hufuata kingo za turubai na kulituliza jicho. Mohamedi aliiacha gridi taratibu, akaelekea kwenye mistari ya mshazari inayolisukuma jicho nje ya karatasi. Kwa hiyo, falsafa zinazokaribiana zilizaa maumbo tofauti, na asili ya msanii haikuamua chanzo cha fikra zake.

Aidha, Mohamedi aliugua maradhi ya neva yaliyodhoofisha uwezo wake wa kutawala viungo. Katika hali hiyo, kunyoosha mstari mmoja kulidai subira na utulivu wa nafsi. Rula, kifaa cha mhandisi, ikawa pia nyenzo ya kujirudi. Mhakiki anayetenganisha mbinu yake na falsafa yake hubaki na nusu mbili ambazo hakuna hata moja inayoueleza mstari huo.