Sheria ni Msumeno: Askari, Mairungi na Haki za Raia

Vita dhidi ya madawa ya kulevya ni vita vya haki. Madawa hayo huwaangamiza vijana na kuwatajirisha walanguzi. Lakini askari alindaye mpaka wa Mpondwe, au afanyaye doria katika vijia vya Karambi na Bwera, hana budi kujiuliza: amri hii niitekelezayo imetoka wapi, nayo mipaka yake ni ipi?

Asili yake ni ya mbali. Chini ya Umoja wa Mataifa, dunia ilifunga mikataba mitatu ya kudhibiti madawa, mwaka 1961, 1971 na 1988, na kila nchi iliyojiunga ilipaswa kutunga sheria zake ipasavyo. Mkataba wa 1988, katika kifungu cha 14, unaagiza kwamba hatua za kung'oa mimea iliyokatazwa ziheshimu haki za msingi za binadamu, na kuzingatia matumizi ya jadi yaliyo halali. Agizo hilo husahauliwa upesi.

Mairungi ni mfano ulio karibu nasi. Jani lenyewe halimo katika orodha za mikataba hiyo. Zilizomo ni kemikali zake, kathinoni na kathini. Mwaka 2006 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilichunguza, wala hawakupendekeza liwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Hata hivyo, Uingereza ililipiga marufuku mwaka 2014, na wakulima wa Meru nchini Kenya wakapoteza soko kwa uamuzi wa Bunge wasilolipigia kura. Mwaka huo huo, Bunge la Uganda nalo likapitisha sheria ya madawa iliyoyagusa mairungi.

Wakulima wetu hawakushika mapanga. Mwaka 2017 chama cha wakulima na wauzaji wa mairungi cha Wakiso kilipeleka shauri katika Mahakama ya Katiba. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ikaibatilisha sheria hiyo, kwa kuwa Bunge lilipoipitisha halikuhakikisha kwamba akidi ya wabunge imetimia. Agosti 2023 Bunge likapitisha muswada upya.

Tuuelewe vema uamuzi huo. Mahakama haikuyasifu mairungi, wala haikuwatetea walanguzi. Ilichosema ni kwamba nia njema haihalalishi njia mbovu. Ikiwa Bunge zima lafungwa na utaratibu, sembuse koplo aliye kwenye kizuizi cha barabarani?

Katiba ya Uganda, kifungu cha 221, inavitaka Jeshi, Polisi, Magereza na vyombo vya upelelezi kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Mshukiwa lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kumtesa ni haramu wakati wote, na sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetesa.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni na aitazame Ufilipino. Kuanzia mwaka 2016, Rais Rodrigo Duterte alitangaza vita vya madawa, na hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha watu zaidi ya 6,000 waliouawa katika operesheni za polisi. Novemba 2018 polisi watatu walitiwa hatiani kwa kumwua kijana wa miaka 17. Duterte mwenyewe alikamatwa Machi 2025 na kupelekwa The Hague. Wadogo walitangulia gerezani. Mkubwa alifuata baadaye sana.

Hapa kwetu iko sababu nyingine, ya ulinzi. Mpaka huu una milima, mto Lhubiriha na njia za panya zisizohesabika. Hakuna kikosi kitakachoweza kuzilinda zote pasipo macho na masikio ya wananchi. Mama wa sokoni aliyenyang'anywa mzigo wake bila hati wala maelezo hatamwambia askari habari za mgeni aliyepita usiku. Mkulima aliyepigwa mbele ya watoto wake atanyamaza hata akimjua mlanguzi.

Basi, askari aisome sheria iliyopo, asifuate uvumi. Akamate kwa sababu, aandike alichokamata, na mtuhumiwa amfikishe mahakamani akiwa mzima. Sheria ni msumeno: hukata mbele na nyuma. Mwenye kuushika na aushike kwa uangalifu.