Kabla hujaitisha ya baridi, hesabu milango

Wasee, wikendi ikifika swali huwa moja tu: tunakutana wapi? Ni wachache huuliza kwa nini hapo tunapokutana pamejengwa vile pamejengwa.

Chukua baa ya kitambo ya mashinani, kama zile za Mukurweini, Nyeri. Mbele ni bucha, nyama imening'inia. Ndani kuna kaunta yenye wavu wa chuma, mhudumu yuko nyuma yake kama mahabusu, na pesa hupitia katundu kadogo. Halafu kuna pande mbili: "public", yenye mabenchi na sakafu ya simiti, na "lounge", yenye viti vya kitambaa. Bia ni ile ile, ila ukikaa lounge unaongeza kitu kidogo.

Mpango huo haukuzaliwa hapa. Pub za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria zilikatwa vyumba kwa mbao na vioo. Kibarua alikuwa na mlango wake, tajiri wake. Pale The Lamb, London, bado kuna vijidirisha vya kioo juu ya kaunta, vilivyowekwa ili bwana mkubwa anywe bila kutazamwa. Huko vitu hivi vinalindwa kisheria. Mwaka 2020, Philharmonic Dining Rooms ya Liverpool ilipandishwa hadi daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria. Hata choo chake cha wanaume, cha marumaru, watu huenda kukiona.

Walowezi walipofika Nyeri, walikuja na pub yao kichwani. Mwaka 1910 Berkeley Cole na wenzake wakaanzisha White Rhino. Mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker akafungua Outspan. Mzungu aliketi, akaagiza, akapiga stori. Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei. Kuketi? Zii.

Hapo ndipo stori inakuwa noma. Kabla ya kuja Kenya, huyo Walker alikuwa akiingiza pombe Marekani kimagendo, wakati ilikuwa marufuku huko. Hata aliandika kitabu kuhusu hiyo biashara. Lakini Nyeri ile ile, sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika kununua wiski, na kutengeneza muratina bila kibali kungeweza kukupeleka korokoroni. Mmoja magendo yalimpa jina, mwingine pombe ya babu yake ilimpa kesi.

Na tusijidanganye, muratina nayo ilikuwa na mipaka yake. Ilikuwa kinywaji cha wazee, kwa pembe, na kidogo kilimwagwa chini kwa ajili ya mababu. Kijana wa rika letu hakuwa na nafasi kwenye duara hilo. Kila chumba cha pombe kimekuwa kikisema nani ni mtu na nani asubiri nje.

Uhuru ulipokuja 1963, mlango wa rangi ulifunguka. Mlango wa bei ukabaki, na ndio huo unaouona ukichagua kati ya public na lounge.

Siku hizi kaunta za zamani zinang'olewa, zinawekwa taa za rangi na skrini za mpira. Sawa, biashara ni biashara, na hakuna anayeupenda wavu. Lakini ukibomoa bila kuuliza, ushahidi unaenda na takataka. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo lenye historia kulindwa, na haijasema ni lazima liwe ngome au kanisa. Waliobeba zile trei nao wanazidi kutuacha, na simu yako ina kamera na ya kurekodi sauti.

Kwa hivyo wikendi hii, hata kama unaitisha soda, hesabu milango kwanza. Kisha ukifika nyumbani, muulize guka wako alikuwa akiingilia upi.