Asistenti wa informatiki: anayebaki na wanafunzi profesa akiondoka

Katika vyuo vikuu vya Congo, profesa wa informatiki anafundisha nadharia, na asistenti ndiye anayesimamia mazoezi. Anatayarisha maswali, anapita kati ya wanafunzi na kusahihisha kazi zao.

Ugumu unaanza pale kompyuta zinapokuwa chache au umeme unapokatika. Wanafunzi wanaandika programu kwenye karatasi, lakini karatasi haikatai kitu: alama moja ikisahaulika, kosa linapita. Kompyuta inakataa hapo hapo, na mara nyingi inataja mstari wenye tatizo.

Mashine ikipatikana, asistenti mzuri hakimbilii kutoa jibu. Anauliza: "Ulitaka programu ifanye nini? Sasa imefanya nini?" Wanasoma mstari kwa mstari mpaka mwanafunzi mwenyewe aone kosa.

Kazi hiyo inahitaji muda. Lakini katika vyuo vya serikali, maasistenti wengi hawajaingizwa kwenye listi ya mishahara. Wanategemea malipo madogo kutoka pesa za masomo za wanafunzi, na wengine wanatafuta vibarua mjini. Mazoezi yakipunguzwa, mwanafunzi anapata diploma bila kujua kurekebisha programu yake.